Mikono ya Gakindu

Kabura, wifi yake Watiri, aliegesha pikapu kwenye kona ya juu ya mlima wa Gakindu, akazima injini, akasema, "Haya, mke wa bingwa. Kazi yetu ni ile ile. Kukaa."

Watiri alishuka na chupa ya chai. Ilikuwa siku ya tatu ya mbio za baiskeli za Kuzunguka Mlima Kenya, Novemba mwaka 1976, na mgongo wake ulikuwa na uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja haungeuondoa. Walikuwa wamesimama namna hii Nanyuki, Naro Moru na Nyeri mjini. Kila mahali walisubiri nusu ya asubuhi ili wamwone Nderitu kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha wakakunja vitu vyao na kukimbilia kona nyingine. Alikuwa akimfuata mumewe hivyo tangu walipooana. Mwanzoni alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Siku hizi alitazama tu, na aliona zaidi.

Kwa jumla ya muda wa siku zote, Nderitu alikuwa wa pili. Wa tatu, kijana mmoja wa Nakuru, alikuwa nyuma yake kwa nusu dakika. Wawili wa kwanza wangechukuliwa kwenda Ulaya kwa mwaka mzima, kuendesha katika timu ya huko kwa mshahara. Nderitu alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba nafasi hiyo haingerudi, kwa sababu hakuhitaji kuambiwa. Akienda, Watiri angebaki peke yake na watoto watatu, mama mkwe asiyeweza tena kuinuka kitandani, na shamba la kahawa hapa Gakindu. Alikuwa amemwambia aende. Alisema hivyo mara moja, kwa sauti ya kawaida, na Nderitu hakuuliza tena.

Kando ya barabara, wanawake waliokuwa wakipeleka kahawa kiwandani walikuwa wametua magunia. Kwenye mlima huu baiskeli hufanya kazi ya punda. Gunia hufungwa nyuma, mwenyewe hupanda nalo polepole, na anayepita bila mzigo huweka mkono nyuma ya kiti na kumsukuma hadi juu. Aliyeishiwa nguvu haiti mtu, maana pumzi ya kuita hana. Hupiga kiti kwa kiganja, mara mbili, na walio karibu huja. Nderitu alibeba kahawa hapa tangu akiwa shule ya msingi, na hapa ndipo alipojifunza kupanda milima.

"Mama Murugi, mwambie leo apunguze mwendo tumwone sura," Waithira, jirani yao wa shamba, alimwambia Watiri. "Ati jana redio ilisema ni wa pili. Huyo wa kwanza ni mtoto wa nani?"

"Wa Nairobi," Kabura alimjibu. "Huyo hana mama. Alitengenezwa kiwandani pamoja na baiskeli yake."

"Basi aje hapa na gunia moja la kahawa tuone!"

Walicheka. Watiri alicheka pia, kidogo, na kumimina chai.

Waliona vumbi kwanza, upande wa chini, kisha pikipiki ya polisi. Mtu wa Nairobi alipita peke yake, mdomo wazi, bila kumtazama yeyote. Baada yake alikuja Nderitu, na nyuma ya gurudumu lake yule kijana wa Nakuru.

Mabega ya Nderitu yalikuwa yakiyumba. Watiri alijua maana yake: miguu ilikuwa imekwisha, sasa alikuwa akiendesha kwa mgongo. Pale barabara inapokuwa kali zaidi, kijana alitoka nyuma yake na kuanza kumpita. Nderitu aliinamisha kichwa. Mkono wake wa kushoto uliachia usukani, ukaenda nyuma, ukapiga kiti. Mara mbili.

"Mtoto wetu huyo!" Waithira alipaza sauti, na kabla hajamaliza alikuwa barabarani, na wengine pamoja naye. Waliweka mikono nyuma ya kiti na kwenye kiuno chake, wakakimbia wakisukuma kwa miguu mitupu kwenye mawe, kama walivyofanya asubuhi hiyo hiyo kwa watu wenye magunia. Walipomwachia alikuwa sawa na kijana wa Nakuru, na mteremko ulikuwa mbele yao.

Pikipiki ya pili ilikuwa inapanda nyuma yao. Aliyekaa nyuma ya dereva alikuwa Bwana Shire, mwamuzi. Aliwatazama wanawake wakirudi kando, wakihema na kupongezana.

Jioni, Kerugoya, mbio za siku hiyo zilipoishia, waamuzi walikaa katika darasa la shule ya msingi. Nderitu na kijana wa Nakuru walikuwa wamemaliza pamoja, kwa hiyo nusu dakika ilikuwa bado ipo. Shire alimwita Nderitu. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mwamuzi wa miaka mingi, na hakujulikana kwa kupaza sauti.

"Sheria ni hii," alisema. "Watu wakikusukuma kwa kupenda kwao, nakupa onyo. Ukiwaomba, naongeza dakika moja kwa muda wako. Mimi niliona mikono tu. Sikuona mwanzo. Uliwaomba?"

"Sikuomba, Bwana Shire. Pumzi ya kuomba ningetoa wapi?"

"Muulize mke wake," Kabura alisema kutoka mlangoni. "Alikuwa karibu kuliko wewe. Hata kelele hakupiga, alikuwa anaangalia tu."

Shire aligeuka. "Mama, ulikuwa hapo. Aliwaita?"

"Hakusema kitu," Watiri alisema.

"Vizuri. Onyo, basi." Shire alifunika kalamu yake.

Watiri alibaki amesimama. Nderitu alikuwa tayari ameinuka, akishika meza kwa sababu ya miguu. Shire alikuwa ameuliza kama Nderitu aliita, na Watiri alikuwa amejibu hilo tu.

"Lakini alipiga kiti," alisema.

"Wee, Watiri!" Kabura alisema.

"Kupiga kiti ni nini?" Shire aliuliza. "Kwetu Nanyuki hatuna kahawa."

Alimweleza. Alieleza magunia, mlima, kiganja, na kwamba wanawake wale wasingeingia barabarani bila ishara hiyo. Haikuchukua maneno mengi. Shire alimtazama Nderitu.

"Ulipiga?"

Nderitu aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha mkewe.

"Sikumbuki," alisema. "Kama Watiri anasema nilipiga, nilipiga."

Shire aliongeza dakika moja. Sasa Nderitu alikuwa wa tatu, nusu dakika nyuma ya kijana wa Nakuru.

Nje, Kabura alisimama mbele ya Watiri. "Alikuwa amemaliza kuuliza," alisema. "Hata kudanganya hukuhitaji. Ungenyamaza tu." Kisha akaelekea madukani peke yake.

Nderitu alikuwa amekaa nyuma ya pikapu akivua viatu. Watiri alikaa kando yake.

"Nakumbuka mlima," alisema Nderitu, "na gurudumu la yule kijana likinipita. Mkono sikumbuki kabisa."

"Najua."

"Niambie kitu kimoja. Ulisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu hutaki niende?"

Watiri alifikiri, maana alitaka kumpa jibu lililo sahihi. "Ni kweli ulipiga kiti. Na ni kweli sitaki uende. Ni ipi ilinifungua mdomo, sijui. Nimejiuliza tangu pale ndani."

"Uliniambia niende."

"Nilikuambia."

Watiri alidhani mumewe angekasirika, na angependelea hivyo. Nderitu alikunja tu suruali yake hadi juu ya goti na kuugandamiza msuli kwa vidole.

"Kesho, siku ya mwisho, tunapita Mwea," alisema. "Tambarare mpaka karibu na Embu. Nusu dakika siwezi kuipata kwenye tambarare."

"Hapana. Huwezi."

"Huu mguu ni kama mti."

Watiri alichukua chupa ya mafuta, akamimina kiganjani na kuanza kumkanda, kutoka kifundo kwenda juu. Ngozi ilikuwa na vumbi la Gakindu lililogandamana na jasho, na ilibidi arudie mara kadhaa. Alipofika kwenye goti Nderitu alikuwa amelala amekaa, kichwa kimeegemea upande wa pikapu. Watiri alimimina mafuta tena na kuhamia mguu wa pili, kwa kuwa kesho angeendesha hata hivyo.