Tabaka la Mke Mwenza

Kwenye kompyuta ya studio yake ya picha mjini Tarime, Ashiraf alimsimamisha marehemu Werema kando ya mjane wake, Mokami, kisha akamsogeza kushoto, kulia.

"Alipokuwa hai hakusogea kirahisi hivi," Mokami alisema, macho kwenye kioo. "Unafanyaje?"

"Kila mtu ana tabaka lake, mama, kama karatasi juu ya karatasi. Nikiyaunganisha na kuhifadhi, basi."

"Na tukitaka kumpisha mtu?"

"Hamsogei tena. Uji ukishaiva, unga huutoi."

Mke mwenza wa Mokami, Scholastica, alikuwa amegoma kupigwa picha naye tangu walipogombana msibani.

"Hifadhi bila kuunganisha," Mokami alisema. "Kesho naenda mwenyewe kwake Kerende kumchukua."

"Mwambie awahi, mama. Mzee anachoka kusimama."