Kalibu za Yuan Tisa

Umeshageuza uso. Hujafika hata mstari wa pili na jicho lako linatafuta pa kukimbilia, kama siku ile ulipopanga bidhaa za mtandaoni kuanzia bei ya chini ukachukua ya kwanza bila kuuliza imewezekanaje. Tulia hapa. Mwalimu Qiu Baosheng naye alichukua ya kwanza, na hakuwa mtu mbaya.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mjini Foshan, kusini mwa China. Mwalimu Qiu alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha kemia. Alikaa uani akipekua simu. Alitaka kujifunza kumimina resini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu kama kioo, apate miche, yaani vijiti vinene vya kukereza kalamu. Mashine ya kukereza alikuwa nayo, na resini ndoo mbili. Kalibu, lile umbo tupu la kuimiminia, ndiyo hakuwa nayo.

Jirani yake Lu Zhaokun, fundi wa kukereza miguu ya meza, alisimama nyuma yake akitafuna mbegu za tikiti.

"Kuna hii ya silikoni nene, yuan themanini na sita," Mwalimu alisema. "Na kuna hii, yuan tisa, usafiri bure."

"Yuan tisa? Hiyo kalibu au soksi?"

"Naanza tu, Lu. Nikiharibu, niharibu cha rahisi."

"Kuta nyembamba zinatuna, Mwalimu. Utatoa miche yenye vitambi. Chukua ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ukate, ufunge kwa skrubu, tayari una sanduku. Resini hainati pale."

"Ubao wa mke wangu? Halafu nilale wapi?"

Lu alitema ganda. "Basi vaa soksi zako."

Kalibu kumi na mbili zilifika Alhamisi. Mwalimu alizipanga juu ya gazeti, akapima resini na dawa ya kugandisha, akakoroga polepole asitie mapovu, akamimina. Kesho yake adhuhuri akabandua. Miche ilikuwa imetuna mbavuni kama Lu alivyosema. Na ndani ya kila mmoja mlikuwa na kidole.

Vilikuwa vidole vya watu wazima: vya shahada vinane, vya kati vitatu, na kimoja kidogo cha mwisho. Mwalimu aliviinua kwenye mwanga, akaandika daftarini: mapovu machache, rangi nzuri. Mkewe, Peizhen, alisema kile chenye kovu kimekaa vizuri kuliko vyote, akaenda kuepua uji. Lu alipima kimoja kwa rula, akashauri mashine ipunguzwe kasi, maana mfupa una nyuzi kama mwanzi.

Kalamu alizokereza na kuziuza mtandaoni zilipendwa. Mnunuzi mmoja tu alilalamika, kwamba yake hugongagonga meza wakati wa mikutano. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba kila kalamu ina tabia yake.

Wiki ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mwanamke alibisha mlangoni. Aliitwa Mo Xiulan, mtu wa Guangxi, na alikuwa ametoka Dongguan kwa basi. Huko alikuwa akikandamiza kalibu za silikoni kwenye mashine ya moto. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne.

"Mwalimu, nisamehe kuja bila taarifa. Nimeona picha zako. Kile chenye kovu la mundu ni changu."

"Keti, dada. Umekula?"

"Nimekula. Kesho saa tatu shauri langu la fidia linasikilizwa. Kiwanda kinasema nilianza kazi na vidole tisa. Nikiwapelekea hicho, kimo ndani ya umbo la kalibu yao, watasema nini?"

"Kilikatikaje?" Mwalimu aliuliza, kwa udadisi wa darasani.

"Mashine ina vitufe viwili, kimoja cha kila mkono. Usipobonyeza vyote pamoja, haishuki. Msimamizi anafunga kimoja kwa tepu, ili mkono mmoja ubaki wa kuchomoa kalibu na kazi iende. Mama yangu alikandamiza wanasesere wa plastiki, miaka hiyo, na alifungiwa hivyo hivyo. Ya kwake ilikuwa tepu nyekundu. Yangu ya buluu. Hayo ndiyo maendeleo, Mwalimu."

Mwalimu alileta mche. Mo alipousogelea, kidole kilijinyoosha ndani ya resini kikageukia upande wake, kama paka aliyesikia sahani.

"Ndicho," alisema.

"Ndicho," Mwalimu alikubali. "Shida ni kwamba mkuu wa shule yangu anastaafu Jumamosi, na nimeshamwahidi hiki. Kifuniko kimeshachongwa jina lake."

"Mwalimu, hiyo ni kalamu tu."

"Kwako wewe."

"Mpe, bwana," Lu alisema kutoka mlangoni. "Mimina mwingine."

"Mwingine hautakuwa na kovu. Dada, chagua kati ya vilivyobaki. Kuna vya shahada viwili, vizuri sana."

Mo aliviangalia. "Hivi vina wenyewe. Nawajua."

Kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu, Mwalimu aliufunga mche kwenye mashine, akaanza. Maganda yalitoka meupe, kisha ya waridi. Mo alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto mpaka kazi ilipokwisha. Mwalimu alifagia maganda, akayafunga kwenye gazeti.

"Labda watayakubali haya."

Mo aliyapokea kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo kitu kwa mkubwa wake.

Kesho yake karani wa shauri alilifungua lile gazeti, akasema maganda hayana kucha, akafunga jalada. Ilichukua dakika sita. Jumamosi mkuu wa shule alitia saini ya kwanza kwa kalamu yake mpya, akasema inateleza vizuri. Mwalimu aliagiza kalibu nyingine ishirini. Zilikuwa zimeshuka hadi yuan nane.

Huko Dongguan, tepu ya buluu ingali juu ya kitufe. Zamu ya mchana inaanza saa saba, na dada mwingine ameshakalia kiti cha Mo, mkono wake umo ndani kuchomoa. Geti lina mlinzi mmoja, na mlinzi husinzia. Wembe unao nyumbani. Inuka sasa hivi, uende, uikate.