Magurudumu Yasiyoshika Kutu

Tangu mama alipofariki, baba hakukanyaga tena baraza la wodi ya wazazi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa ile hospitali ndogo ya misheni nje ya Kibondo. Mabomba, milango na vitanda vyote vilipita mikononi mwake. Sasa alizunguka nyuma ya jengo, kwenye matope, hata mvua ikinyesha.

Mama alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka, ikabidi apelekwe kupasuliwa. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakaanza kumsukuma, na katikati ya baraza gurudumu moja la mbele likaganda. Wauguzi walivuta, wakainua, wakamwita baba aje na nyundo. Mwishowe walimbeba kwa shuka. Daktari alisema damu ilikuwa imeshamwagika mno. Mtoto naye hakulia.

Hakuna aliyemlaumu baba. Kwetu kila chuma hupakwa mawese: panga, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli. Hata magurudumu yale baba aliyapaka kila Jumamosi. Lakini baraza lile huoshwa kila asubuhi kwa maji na klorini, na baridi ya huku juu huyagandisha mawese. Yalinasa uchafu, maji yakajificha chini yake, chuma kikaliwa polepole. Mawese ni mekundu na kutu ni nyekundu. Baba alikuwa akiitazama kutu akidhani ni mafuta yake.

Baada ya msiba nilipewa kazi ya kudeki wodi hiyo, maana shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Nilikuwa na ndoo mkononi siku Sista mkuu alipomwita baba.

"Fundi Bazilio, nenda Kasulu ukachague magurudumu mengine. Nataka yasiyoshika kutu."

"Mtume mtu mwingine, Sista. Mimi nilishaaminiwa mara moja."

"Mwingine yupi anayejua kuyafunga?"

Baba akanigeukia. "Basi nitakwenda na Maximilla. Na nikikosea tena, nyundo zenu nitazirudisha na kazi naiacha."

Haukuwa mzaha. Tukiwa juu ya lori la tumbaku, vumbi likitupiga usoni, aliniambia bila kunitazama, "Akifa mama wa mtu mwingine pale, mimi sitaweza kuishi."

Kasulu tuliingia katika duka la Mzee Isihaka, mtu ambaye ukoo wake ulitoka pwani na mdomo wake haukupumzika.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Sema kwa nguvu, humu hatuli watu."

Alituwekea mezani magurudumu ya namna mbili. Mapya, kutoka Dar es Salaam, yaling'aa hata ukaweza kujiona. Mengine yalikuwa ndani ya kikapu, yamefubaa, yamekwaruzwa, yananuka samaki. Yalifunguliwa kwenye mikokoteni ya jengo moja la kuhifadhia samaki kule ziwani.

"Hayo ya kikapuni ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu," Mzee Isihaka akasema. "Yameishi kwenye maji na barafu miaka na miaka. Ila wateja wanayakimbia kwa sura."

Baba alishika jipya, akalirudisha. Akashika la zamani, akalirudisha. Wateja waliingia na kutoka, yeye bado amesimama palepale. Mzee Isihaka akaleta sumaku ya redio mbovu. Kwenye gurudumu jipya ilinasa kwa nguvu, kwenye la zamani ikateleza na kuanguka.

"Umeona? Stenlesi hainaswi na sumaku. Hili jipya ni chuma cha kawaida kimevalishwa koti. Koti likichubuka, basi tena."

"Sumaku ni yako na duka ni lako," baba akajibu.

"Nyie Waha! Unataka nikuletee shehe aniapishe?"

Baba aliomba beseni. Akatia maji, akatia chumvi, akatoa mfukoni kichupa cha klorini aliyokuja nayo kutoka hospitali. Akayakwaruza mapya kwa msumari, kisha akazamisha magurudumu ya namna zote mbili.

"Sasa unanipikia bidhaa zangu!" Mzee Isihaka akacheka. "Chumvi imeingia, bado kitunguu."

Baba hakucheka. Alikaa mlangoni kulinda beseni lile hadi duka lilipofungwa. Tulilala kijiji cha Heru Juu kwa binamu yake, asubuhi tukarudi kwa miguu, siku iliyofuata vilevile.

Siku hiyo ya tatu magurudumu mapya yalikuwa yameanza kutoa wekundu penye mikwaruzo. Baba akatikisa kichwa, kama mtu aliyetegemea hivyo. Kisha akainua la zamani. Katikati yake ulichuruzika mchirizi mwekundu.

"Hata hili," akasema. "Hata hili, Maximilla."

Akalirudisha majini, akachukua kofia yake, akatoka nje.

Nilitamani kumfuata. Badala yake nililitoa gurudumu lile, nikalifuta kwa kanga yangu. Ule uma unaolishika ulikuwa mweupe, safi kabisa. Wekundu ulitoka kwenye ekseli peke yake, kile chuma cha katikati linapozungukia. Nikamwonyesha Mzee Isihaka.

Alisogeza sumaku. Ekseli ikanasa. "Aa! Kumbe wamebadilisha. Ya asili ilipotea, wakachomeka chuma chochote." Akapaza sauti nje, "Mzee Bazilio! Rudi, bwana! Binti yako ameona!"

Baba alirudi taratibu. Tukamwaga kikapu chote sakafuni, tukapima kila kipande, uma, ekseli, hata gololi za ndani, mpaka tukapata yaliyo stenlesi tupu ya kutosha kitanda kimoja. Mzee Isihaka hakutania tena.

Hospitalini, baba aliyafunga mwenyewe, bila tone la mawese. Kitanda kilipokuwa tayari alikisukuma mpaka mlango wa wodi ya wazazi. Baraza lilikuwa limetoka kuoshwa, linang'aa maji. Alisimama ukingoni kwa muda.

"Panda ulale," akaniambia. "Lazima kiwe na uzito wa mtu."

Nililala pale alipolala mama. Nikaona mabati ya baraza yakianza kusogea juu yangu. Magurudumu hayakulia. Nilisikia pumzi za baba tu, na viatu vyake kwenye maji. Kisha tukasimama. Nilipoinua kichwa, mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa mbele yetu.

"Kumbe ni karibu hivi," baba akasema.

Alitazama nyuma tulikotoka, akautazama tena mlango.

"Ni hapa tu?"

Niliteremka, nikashika upande mmoja wa kitanda, naye akashika mwingine, tukakirudisha wodini.