Mrututu wa Ubaoni

Wanafunzi sabini na wawili wa kidato cha kwanza walikuwa wamebanana wanne wanne kwenye madawati ya watu wawili, na mwalimu wao wa sayansi alikuwa anamalizia kuchora taa ya gesi ubaoni kwa kipande cha chaki kidogo kama punje ya hindi.

“Huu mwali wa buluu ndio wenye joto kali,” alisema. Kwa kuwa chaki ilikuwa nyeupe, akaongeza, “Chukulieni ni wa buluu.”

Darasa zima likaandika kwamba ni wa buluu.

Walimwita Mwalimu Koroboi. Mwaka wake wa kwanza pale alitengeneza taa tatu za makopo ya maziwa ili wanafunzi wapashe vitu moto kwa zamu. Mafuta ya taa yalipopanda bei kwa mara ya pili, koroboi zikawekwa juu ya kabati na huko zikabaki. Na ukuta mmoja tu kutoka darasani, maabara mpya ilikuwa imejaa maboksi ya mizani, neli za kioo na chupa za kemikali. Amri ilikuwa kufuli lisiguswe mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe. Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara nne.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu alikwenda ofisini kusahihisha mtihani wa mchujo walioufanya wiki iliyopita. Aliyepata hamsini angeendelea na sayansi. Aliyekosa angepelekwa mkondo mwingine, na kutoka huko hakuna aliyewahi kurudi.

Swali la nne lilisema: *Eleza ulichokiona mrututu ulipopashwa moto.* Karatasi baada ya karatasi ilijibu kwa maneno yaleyale ya kitabu: chembe za buluu za mrututu ziligeuka nyeupe, matone ya maji yakaonekana kwenye mdomo wa neli. Alama nne. Alama nne. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, hadi alipofika kwenye karatasi ya msichana ambaye wenzake walimbatiza Mbona, kwa kuwa hapitishi kipindi bila kuuliza mbona hivi, mbona vile.

“Sikuona kitu,” Mbona alikuwa ameandika. “Hatujawahi kupasha mrututu. Kitabu kinasema hugeuka mweupe, lakini swali limeuliza nilichokiona mimi.”

Mwalimu alisoma mara mbili. Akajumlisha alama zake nyingine: arobaini na nane. Akapiga moyo konde, akaandika nne kwa wino mwekundu.

Mkuu wa taaluma, aliyekuwa akipitia karatasi zilizokwisha kusahihishwa, hakuchelewa kuiona. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

“Mwalimu mwenzangu, hii nayo ni nini?”

“Ni jibu sahihi kuliko yote yaliyomo humo.”

“Sijakataa.” Alishusha sauti. “Lakini karatasi zinakwenda wilayani kesho. Ripoti yetu inasema majaribio yanafanyika kila wiki. Sahihi iliyo chini ni ya nani?”

Mwalimu aliifahamu sahihi hiyo. Ilikuwa yake, kila muhula.

“Basi nimpe sifuri?”

“Hata ukimpa sifuri, maneno si yanasomeka? Wataanza na wewe, na mkataba wako unaisha mwezi ujao. Mwite aandike upya. Yeye apate alama zake, wewe ubaki na kazi yako. Unadhani mimi napenda haya?” Alimwekea karatasi tupu ya mtihani mezani, akatoka bila kumtazama usoni.

Mbona aliitwa. Aliingia na kalamu mkononi, akaamkia, akasimama kando ya meza.

“Kaa, mwanangu. Swali la nne, liandike tena. Andika kama kitabu kinavyosema.”

“Kwani nimekosea, mwalimu?”

“Hujakosea.”

“Sasa mbona nibadilishe?”

Mwalimu angeweza kumweleza habari za wilaya, utepe na sahihi, lakini aliziacha. “Ukiliacha hivyo, hutasoma sayansi tena,” alisema hatimaye. “Nami sitakuwepo kuifundisha.”

Msichana aliigusa karatasi tupu kwa ncha ya kalamu.

“Mwalimu, wewe uliuona mrututu? Ulivyogeuka?”

Nje kengele ya mapumziko ililia, na watoto wakamiminika uwanjani kwa kelele.

“La,” alisema Mwalimu Koroboi. “Na mimi nilifundishwa ubaoni. Chuoni pia, ubaoni.”

Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote neno hilo. Alitarajia kuona dharau machoni mwa yule mtoto, na dharau angeivumilia. Alichokiona ni huruma, kama ya mtu anayempisha mgonjwa kwenye kiti.

Mbona alikaa, akaweka karatasi sawa, akaanza kuyanakili majibu yake mengine bila haraka. Alipofika la nne, aliandika kwa herufi safi, “Niliona buluu ikigeuka nyeupe.” Kisha akainua kalamu, na kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia ili kazi isiharibike, akauliza:

“Na matone ya maji, mwalimu, niseme niliona mangapi?”