Kona ya Kinu cha Unga

Mume wake alikufa akiwa kwenye kiti cha abiria, na aliyeshika usukani alikuwa yeye, mkewe. Walikuwa wanarudi kutoka kwenye harusi ya rafiki. Mume alimwambia, "Endesha wewe, mimi macho mazito." Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona ya kinu cha unga kulikuwa na lori bovu lililoachwa katikati ya barabara, bila taa, bila hata tawi la mti la kuwaonya watu. Alipoliona walikuwa wameshalifikia. Akakata usukani, gari likaserereka kwa ubavu, na ubavu uliopigwa ulikuwa wa mumewe.

Polisi walisema hana kosa. Mwenye lori alifungwa. Lakini siku ya maziko mama mkwe alimshika mkono mbele ya watu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini ulikuwa unaendesha wewe?" Hakusubiri jibu. Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu. Alimwita "wewe," basi.

Waliendelea kuishi nyumba moja, maana nyumba ilikuwa ya marehemu na hakuna kati yao aliyekuwa na pa kwenda. Mke alikuwa fundi wa miwani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kutwa alikaa kwenye mashine ya kukatia vioo, akisugua kingo mpaka kioo kiingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Pale mikono yake haikutetemeka kamwe. Kwenye magari ilikuwa habari nyingine. Kazini alikwenda kwa miguu. Akilazimika kupanda gari la mtu, alikaa nyuma, akafumba macho, akang'ang'ania mlango. Siku moja alisikia breki za lori zikilia nyuma yake, akajikuta ameketi ukingoni mwa mtaro, kifua kimebana, jasho likimtiririka. Mpita njia akamvua viatu akidhani ana kifafa. Fundi hakuwa na pumzi ya kumwambia sivyo.

Kisha mama mkwe akaugua. Ilikuwa saratani ya tumbo, na daktari aliagiza mionzi katika hospitali kuu, upande wa pili wa mji. Mwanzoni alipelekwa na mwanawe mdogo, shemeji yake Fundi, mchomeleaji wa vyuma aliyekuwa na gari kuukuu lililokohoa kila asubuhi kama mzee mvuta tumbaku. Halafu cheche ikamrukia shemeji jichoni. Akafungwa bandeji, akakatazwa kuendesha.

Wakajaribu teksi. Mama mkwe alikuwa akitapika kila akitoka kwenye mionzi, na ingawa Fundi alibeba mifuko na taulo, safari moja matapishi yalitoka kabla mfuko haujafunguliwa. Dereva alisimamisha gari palepale, akafungua mlango wa nyuma.

"Shukeni," alisema. "Gari ndiyo sahani yangu hii, ndiyo inayonilisha. Siwezi."

Wakashuka. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na kivuli. Mama mkwe, ambaye zamani akiingia sokoni wachuuzi walinyamaza, alishika nguzo ya umeme kwa mikono miwili, kitambaa cha kichwa kimemdondokea mabegani. Fundi alipotaka kumfunga, alimsukuma mkono.

Nyumbani, baada ya kuogeshwa na kulazwa, alisema akiwa ameuelekea ukuta, "Leseni si unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Na gari la shemeji yako limekaa tu hapo nje."

"Mama, mimi siwezi."

"Na mimi je? Naweza?"

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alichukua ufunguo kwa shemeji, akaenda kukaa kwenye gari. Alikaa tu. Alipoutia ufunguo mahali pake, vidole vilimfa ganzi, mate yakawa na ladha ya shaba. Akautoa, akaenda kazini. Kesho yake akakaa tena, na kesho kutwa akawasha. Injini ilipokohoa, aliruka nje akasimama ukutani, mkono kifuani, gari likinguruma peke yake.

Shemeji alimwona. Alikuja na bandeji yake, akaingia upande wa abiria, akafunga mkanda.

"Shemeji, toka humo," Fundi alimwambia. "Upande huo usikae."

Shemeji akaelewa. Akafungua mkanda, akahamia kiti cha nyuma. "Haya, nimekuwa bosi. Nipeleke mpaka getini."

"Na jicho hilo utaona nini?"

"Moja linatosha kuona ukikosea. Sikiliza. Kuogopa ogopa, sikukatazi. Lakini mguu usiogope. Kichwa kiogope, tumbo liogope, mguu ufanye kazi yake."

Siku hiyo walifika getini. Gari lilizimika mara nyingi, na kila likizimika Fundi aliona tena maji yakitiririka juu ya kioo, na ule weusi mkubwa uliotokea mbele yake. Baadaye wakazunguka nyumba za jirani, kisha wakafika hadi sokoni na kurudi, asubuhi mapema barabara ikiwa tupu. Kuna siku ilikwenda vizuri, akarudi akiwa karibu kucheka. Kuna siku alikataa kabisa kutoka kitandani, na shemeji hakumgombeza, alirudisha tu ufunguo msumarini.

Tarehe iliyofuata ya mionzi ilipofika hakuwa tayari. Alimlaza mama mkwe kiti cha nyuma, mto chini ya kichwa, mifuko karibu, wakaondoka. Njia fupi ya kwenda hospitali hupita kona ya kinu cha unga. Fundi alishika ile ndefu, ya mjini.

Kwenda walifika. Kurudi, kwenye mzunguko mkubwa wa katikati ya mji, basi lilimpita karibu mno likampigia honi, na Fundi akakanyaga breki. Gari likazimika. Akawasha, likazimika. Mikono ilikuwa kwenye usukani lakini hakuihisi. Nyuma yake honi zilianza, moja, tatu, kisha zote. Masikio yakaziba. Alijua anakufa, na alijua pia kwamba hafi, na kujua huko hakukumsaidia kitu.

Mwenye gari la nyuma alishuka, akaja kugonga kioo. "Mama, barabara si kitanda. Sogea, watu wana haraka."

Kioo cha nyuma kikashuka taratibu. Mama mkwe alitoa mkono uliokonda, umeshika mfuko uliojaa. "Una haraka, baba? Basi chukua mzigo huu, tangulia nao."

Yule mtu alitazama mfuko. Akarudi garini kwake, na hakupiga honi tena.

"Wewe," mama mkwe alisema, sauti ikikwaruza. "Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Sijakusamehe. Usije ukadhani nimepanda gari lako kwa sababu nimekusamehe. Sijui kama nitakusamehe kabla sijafa. Lakini nataka kulala kitandani kwangu. Endesha."

Fundi alivuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. Akakanyaga klachi, akawasha. Mguu ulifanya kazi yake. Walifika nyumbani, akazima gari, akalia akiwa ameegemea usukani. Mama mkwe alimwacha alie. Alipomaliza ndipo alipoomba ateremshwe.

Basi wakaenda hivyo, juma baada ya juma, kwa njia ile ndefu. Hofu haikutoka. Kila asubuhi ya safari Fundi aliharisha, kila mara alikagua taa mara mbili. Ila alianza kuijua kama mtu anavyomjua jirani mkorofi: atakuja saa ngapi, atapiga kelele wapi, ataondoka akichoka. Hawakuzungumza sana njiani. Mama mkwe akiona lori mbele alikuwa akisema, "Lori hilo," na Fundi akajibu, "Nimeliona, Mama."

Siku moja daktari aliwaita wote wawili. Aliongea kwa upole, akasema mionzi haijashika, hakuna haja ya kumtesa mgonjwa zaidi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nilitapika bure," alisema.

Garini aliomba akae mbele. Fundi alishika mlango bila kuufungua.

"Mbele nimesema. Na upite njia ya kinu."

"Mama, ile sijawahi kupita tangu—"

"Mimi pia."

Fundi alimfunga mkanda, akaukaza, akauvuta kuona kama umeshika. Aliendesha polepole hata waendesha baiskeli wakawapita. Walipoona paa la kinu, meno yake yalianza kugongana. Akafika kwenye kona, akatoa gari pembeni, akawasha taa za hatari, akavuta breki ya mkono. Injini aliiacha inanguruma, maana aliogopa akiizima hataiwasha tena.

Hapakuwa na kitu. Majani kidogo, chuma cha kingo za barabara kilichobadilishwa, vumbi jeupe la unga juu ya ukuta. Wafanyakazi wawili wa kinu walipita wakibishana juu ya mpira.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mama."

Mama mkwe alitazama muda mrefu. "Padogo," alisema. "Mimi nilidhani ni pakubwa."

Baadaye akauliza, "Alisema kitu?"

"Hakusema. Alikuwa amelala."

"Amelala kweli, au unanifariji?"

"Kweli. Alikuwa anakoroma."

Mdomo wa mama mkwe ulitikisika, na Fundi hakujua kama ni kicheko au kilio. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo," alisema. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. "Twende. Baridi."

Aliishi mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Neno la msamaha hakulitamka, na Fundi hakuliomba. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimlisha uji kwa kijiko mpaka siku alipokataa kufungua mdomo. Akafa mchana, shemeji yuko mlangoni, jicho lake limepona lakini halioni vizuri.

Baada ya maziko shemeji alimwambia Fundi gari liwe lake. Yeye, kwa jicho hilo, hataliendesha tena.

Sasa Fundi anakwenda kazini kwa gari, siku nyingi. Mvua ikiwa kubwa bado hawezi. Juma lililopita ilimkuta katikati ya njia. Akatoka pembeni, akaweka mikono magotini, akasubiri huku magari yakimrushia maji ubavuni. Ilipopungua kidogo alitazama kioo cha pembeni, akaacha basi moja lipite, na lori lililolifuata, kisha akaingia barabarani. Alichelewa kazini. Mteja alikuwa akimsubiri na miwani iliyovunjika mguu.