Watu Ambao Minasawa Haina

Mimi ni kinyozi hapa Minasawa, mji mdogo wa Japani, na katika madiwani kumi na saba wa mji huu, wengi vichwa vyao vimepita mikononi mwangu. Nasema bila kuficha: ni vyepesi.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, Chizuru Otani alianguka jikoni kwa kiharusi. Aliyeita gari la wagonjwa ni Fumie Kuwabara, mwenye duka la tofu, ile jibini ya maharage ya soya, mkabala na saluni yangu, aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja. Hospitalini Fumie akazuiwa mlangoni.

"Wewe ni nani wake?"

"Naishi naye."

Wakamwambia asubiri ndugu. Huyo ndugu ni mpwa wa Chizuru anayekaa Sapporo, ambaye mara ya mwisho kumwona shangazi yake alikuwa bado na meno ya utotoni. Alifika kesho yake jioni. Muda wote huo Fumie alikaa kwenye benchi, maji ya soya yamemkaukia kwenye aproni.

Chizuru alinusurika, ila mguu na ulimi vikabaki vizito. Jumatatu moja, nikiwa nimefunga, Fumie akaja kugonga.

"Bi Sugako, nakitaka kile cheti."

Miji jirani ilikuwa tayari inawapa wenza wa jinsia moja cheti. Si ndoa, sheria ya nchi haijafika huko. Lakini mji unakiri kwamba hawa wawili ni nyumba moja, na hospitali za huku zinakipokea. Tukajikusanya watu sita, tukaandika ombi kwa baraza la mji, tukaanza kugonga milango kuomba saini. Karatasi nyingine niliiweka saluni, kando ya kioo.

Diwani Hachiya akaiona nikiwa namfunga kitambaa shingoni.

"Bi Sugako, unapoteza wino. Minasawa haina watu wa aina hiyo."

"Mheshimiwa, tofu uliyokula leo asubuhi kaitengeneza nani?"

"Fumie. Aa, wale ni marafiki tu! Wanawake wawili wanasaidiana kodi ya nyumba, kuna ubaya gani?"

"Kodi ya nyumba waliyoinunua wenyewe?"

Akacheka. "Wewe nawe! Nipunguzie hapo masikioni."

Nikampunguzia. Nilijiambia kuwa yangefaa kupunguzwa masikio yenyewe, maana hayana kazi.

Mwezi wa sita ombi likafika barazani na saini elfu mbili na mia tatu. Hachiya alisimama dakika kumi na moja. Alisema cheti kitatumalizia watoto mjini, wakati wanawe wote wawili walishahamia Nagoya, na sidhani kama walifukuzwa na tofu. Diwani mmoja alikuwa amelala, mdomo wazi. Mwingine, akijiona mwerevu kuliko wote, akapendekeza tutengenezewe beji: kambare, nembo ya mji, apakwe rangi za upinde wa mvua. Beji zikapitishwa papo hapo, kwa makofi. Ombi letu likaahirishwa "kwa uchunguzi zaidi".

Boksi la beji lilipoletwa dukani kwake, Fumie akachukua moja, akamtazama kambare.

"Nikifika wodini nimwonyeshe nesi huyu samaki?"

Alilirudisha boksi kwa miguu hadi ofisi ya mji, akaliacha mapokezi.

Kikao cha Septemba Chizuru alisema ataongea mwenyewe. Tulimkataza, akatukemea. Alipanda jukwaani na fimbo yake, ukumbi mzima ukimsubiri, na maneno yakamtoka moja moja.

"Nilipika shule ya msingi miaka ishirini na sita. Hachiya, mwanao wa kwanza alikuwa hali karoti. Nilimkatia umbo la nyota, akala."

Hachiya akainamia makaratasi yake.

"Nilipoanguka, sikuweza kusema. Nilikuwa namtaka mtu mmoja tu. Mkaniletea mpwa." Akavuta pumzi. "Mnachunguza nini? Niulizeni mimi. Niko hapa."

Hakuna aliyeuliza. Wanaume wazima, suti zimepigwa pasi na wake zao, na hata mmoja hakuthubutu kumtazama mpishi wa shule usoni. Walipiga kura, mwenyekiti akiwa hapigi: tisa wakakubali, saba wakakataa. Yule mlalaji alikuwa miongoni mwa tisa; sijui alikuwa ameamka au aliinua mkono ndotoni. Hachiya alikataa.

Januari tulikwenda ofisi ya meya kuchukua cheti. Tukamkuta nani? Hachiya, na shada la maua, na mpiga picha wa gazeti la mji kando yake.

"Hongereni! Tumepigana pamoja!" akasema, akijipenyeza katikati yao, mkono begani kwa Chizuru.

Fumie akasogea pembeni kumpisha. Nadhani angevumilia, ndivyo alivyo. Chizuru ndiye aliyegeuka taratibu.

"Mheshimiwa, toa mkono. Halafu sogea, unanizibia mwenza wangu."

Alisogea, uso umemwiva kama kaa wa sufuriani. Maua yake hayakupokelewa, aliondoka nayo.

Machi Chizuru alilazwa tena, kwa ajili ya mguu. Fumie akaweka cheti juu ya kaunta ya mapokezi. Nesi akanakili namba, wala hakuinua macho.

"Ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani."

Lifti ilikuwa inachelewa. Fumie akapanda ngazi, na miaka yake sitini na nne, akikimbia.