Wakutubi Waliohamia Kwenye Chati

Rasimu alikaa kwenye ngazi za maktaba, kompyuta mapajani, akaandika kwenye chati ya msaada: "Shikamoo. Natafuta kitabu." Nyuma yake, pale zilipokuwa rafu, dereva alikuwa anafuta vumbi gari la mkuu wa chuo.

Uongozi ulikuwa umetangaza kwamba maktaba imehamia mtandaoni, na wakutubi, watu watiifu, wakahama. Asubuhi walikuwa kaunta. Mchana walikuwa ndani ya chati, na viti vyao na chupa ya chai. Ukumbi ukageuzwa gereji, maana jua linachubua rangi ya gari, na kitabu tangu lini kikapigwa rangi.

"Marahaba, mwanangu," mkutubi akajibu. Alikuwa kwenye kona ya kioo, mdogo kama stempu, kavaa sweta. "Kitabu gani?"

Kilikuwa kile ambacho msimamizi wake alimdai kila alipompelekea tasnifu: hujamsoma mwandishi huyu, karudie. Alirudia mpaka wenzake wakambandika jina la Rasimu, wakahitimu, wakaoana, wakamwacha nalo. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Bila kitabu anafutwa chuo, na mama yake alishautangazia mtaa mzima kuwa ana mtoto msomi.

"Nakala ni moja," mkutubi akasema, "na imeazimwa."

"Na nani, mama?"

"Siri za wasomaji hatutoi. Ngoja nikachungulie."

Wakutubi wa mtandaoni hupita kompyuta hadi kompyuta kwa kupiga hodi, kama watu waliolelewa vizuri. Alirudi na vumbi kwenye viwiko, siri za wasomaji zimemshinda.

"Anacho msimamizi wako. Kakiweka chini ya kompyuta yake ili kioo kimfikie machoni. Alikiazima mimi sijaolewa. Leo mjukuu wangu anaota meno."

"Sasa si ukichomoe?"

"Nikichomoa, kioo kinaanguka na mimi nimo ndani."

Basi akafanya alichoweza. Msimamizi alipoenda kikaoni, na vikao ndiyo kazi yake, mkutubi akatoa mkono nje ya kioo, akapenyeza vidole katikati ya kurasa bila kukichomoa kitabu, akazisoma kwa kupapasa, akamtumia Rasimu sura nzima.

Rasimu akanukuu vizuri, na kurasa akazitaja. Alhamisi msimamizi akamwita.

"Kitabu hiki umekipata wapi?"

"Maktaba, mwalimu."

"Binti, mimi nimekitafuta miaka, sijakiona. Usinifanye mtoto. Umebuni."

Ijumaa jina lake likafutwa. Hakulia sana, alishazoea kurudishwa. Akaingia kwenye chati, angalau amuage mkutubi.

"Utaaga uende wapi?" mkutubi akasema. "Njoo ndani. Kiti kipo, mwenzangu kastaafu. Vua viatu tu, nimetoka kupiga deki."

Rasimu akavua viatu, akaingia. Mama yake huwaambia majirani kwamba binti yuko chuo kikuu, na hapo hajadanganya.

Mteja wake wa kwanza alikuwa msimamizi. Alitaka kitabu kile kile, tena haraka, anaandika makala. Rasimu alimwona kutokea ndani: kidevu, miwani, kikombe.

"Shikamoo, mwalimu," akamwandikia. "Umekikalishia kompyuta yako. Inamisha kichwa."

Msimamizi akasoma, akaguna kama anayesahihisha mtihani, akaandika: "Taja chanzo."